Sura ya Nne: Kivuli Kabla ya Kiyoyozi

Ukitaka kulijua jengo la ofisi, nenda ukalitazame saa kumi alasiri, upande wake wa magharibi. Katikati ya Dar es Salaam, saa hiyo jua limeshateremka chini ya kila upenu na linapiga kuta za vioo ana kwa ana. Ndani, mapazia yameshushwa hadi sakafuni. Kwa kuwa mapazia yameshushwa, taa zimewashwa. Kwa kuwa vioo vimepata moto, kiyoyozi kimewekwa nyuzi 18, na aliyeketi chini yake amevaa sweta huku mwenzake wa dirishani akitokwa jasho. Vioo viliwekwa ili watu wapate mwanga na waione bahari. Sasa mwanga umefungiwa nje, bahari haionekani, na umeme unalipiwa mara mbili: kwa ajili ya taa, kisha kwa ajili ya kuondoa joto ambalo jengo limelikaribisha lenyewe.

Hesabu yake si ngumu. Mita moja ya mraba ya kioo cha kawaida, kisicho na kivuli, ikitazama jua la saa kumi inaweza kuingiza joto la wati 500 hivi. Ofisi yenye mita kumi za mraba za kioo cha namna hiyo ni kama chumba kilichowashwa pasi tano za umeme zikaachwa mezani mpaka magharibi. Mwanga wa jua hupenya kioo kwa urahisi, hugonga meza, zulia na kuta, na vitu hivyo hupata joto. Lakini joto linalotoka kwenye vitu hivyo halipenyi kioo kama ulivyopenya mwanga, kwa hiyo hubaki ndani. Wakulima wa Ulaya wanalitumia jambo hilo kuotesha nyanya wakati wa baridi kali. Sisi tumelichukua tukawaweka ndani yake wahasibu na makarani, nyuzi saba tu kusini mwa Ikweta.

Nyuzi hizo saba ni zawadi kwa anayejua kuzitumia. Mwezi Juni, jua la adhuhuri la Dar es Salaam huwa upande wa kaskazini, nyuzi 60 juu ya upeo wa macho. Mwezi Desemba huhamia upande wa kusini, nyuzi 73 juu. Maana yake, ukuta unaotazama kaskazini au kusini hupigwa na jua linalotoka juu sana, na upenu wa zege usiofika hata mita moja unatosha kulikinga dirisha lake saa za mchana. Ukuta wa mashariki na wa magharibi hauna bahati hiyo. Jua humjia mtu usawa wa macho, na upenu haulizuii. Jengo lenye busara hulala kutoka mashariki kwenda magharibi, likaelekeza kuta zake ndefu kaskazini na kusini, na upande wa magharibi likaweka ngazi, lifti, vyoo na stoo. Uamuzi huo haugharimu chochote ukifanywa siku msanifu anapochora mstari wa kwanza. Msingi ukishamwagwa zege, hakuna fedha duniani inayoweza kuligeuza jengo.

Ndiyo maana nasema kwamba sehemu kubwa ya ujani wa jengo la biashara huamuliwa kabla mshauri wa vyeti hajapigiwa simu. Viwango vya majengo ya kijani, vya Uingereza, vya Marekani na hata vinavyotungwa sasa Afrika, navipima kwa maswali mawili. Je, vinamlazimisha mwekezaji kufikiri mapema, karatasi ikiwa bado nyeupe? Na je, vinarudi kuangalia bili ya umeme na maji baada ya wapangaji kuhamia?

Tunaye shahidi wetu mwenyewe. Soko la Kariakoo lilichorwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo Waafrika wa mwanzo kabisa katika Afrika Mashariki. Lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na Mwalimu Nyerere akalifungua rasmi mwaka 1975. Wakati huo hapakuwa na cheti cha jengo la kijani mahali popote duniani. Amuli alianza na kazi yenyewe. Aliwatazama watu wanaouza mchicha, ndizi na nazi, ambao tangu zamani wamefanya biashara zao chini ya miti, akawajengea miti ya zege. Paa lake ni miavuli iliyopinduliwa, imesimama juu ya nguzo, moja kando ya nyingine, na kati yake mna nafasi ambamo mwanga huingia bila jua kali, na hewa ya moto hupanda ikatoka. Mvua ikinyesha, miavuli hiyohiyo hukinga maji na kuyateremsha kwenye matangi yaliyo chini ya ardhi.

Litazame tena paa hilo kwa jicho la mfanyabiashara. Limelipiwa mara moja, na linafanya kazi nne: kivuli, mwanga, hewa na maji. Soko lenye maelfu ya watu, mboga zinazonyauka na samaki wanaooza lingehitaji mitambo mingapi kama lingefungwa kwa vioo? Na hayo maji si kidogo. Dar es Salaam hupata mvua ya milimita 1,100 hivi kwa mwaka. Paa la mita za mraba 1,000 hupokea lita milioni moja na laki moja, na hata ukipoteza moja ya tano yake unabaki na karibu lita laki tisa za kusafishia vyoo, kumwagilia bustani na kuoshea sakafu. Minara mingi iliyojengwa baada ya Kariakoo huyamwaga maji hayo mtaani, yakaungana na ya jirani na kukimbilia bonde la Msimbazi, ambako kila masika Jangwani hufurika. Wiki chache baadaye, jengo lilelile linanunua maji ya boza. Sijui namna nyepesi ya kulieleza jambo hilo. Ni uharibifu.

Harare walifika kwenye hekima hiyohiyo ya Kariakoo kwa njia nyingine, nayo ni njia ya fedha. Kampuni ya Old Mutual ilitaka jengo kubwa la maduka na ofisi katikati ya mji, ikawapa kazi msanifu Mick Pearce na wahandisi wa Arup kwa sharti moja gumu: lisitegemee mitambo ya kawaida ya kupoozea hewa. Mitambo hiyo ingeagizwa kwa fedha za kigeni, vipuri vyake vingeagizwa kwa fedha za kigeni, na siku umeme ukikatika madirisha yasiyofunguka yangewageuza wapangaji kuwa wafungwa. Jengo hilo, Eastgate, lilifunguliwa mwaka 1996. Ni safu mbili za ghorofa tisa zinazotazamana, katikati pana njia ndefu iliyoezekwa kwa kioo, na juu ya mapaa kuna mabomba ya moshi 48 ya matofali, ingawa hayatoi moshi. Yanatoa hewa ya moto.

Pearce alijiwekea kanuni ambazo ningependa zibandikwe kwenye ukuta wa kila ofisi ya usanifu mjini. Jua lisiguse ukuta wa nje moja kwa moja. Madirisha ya upande wa kaskazini, ambao kule ndio upande wa jua, yasizidi robo ya ukuta. Sakafu za zege zikaachwa na mapito ndani yake. Usiku feni kubwa husukuma hewa ya baridi kupitia mapito hayo hadi zege lote lipoe. Mchana feni hupunguza kasi, hewa hupita juu ya zege lililopoa na kuingia ofisini ikiwa na ubaridi wa kutosha. Kutokufunga mitambo mikubwa kulipunguza gharama za ujenzi kwa takriban dola milioni 3.5 za Marekani, na umeme unaotumika kuingiza na kupoozea hewa umetajwa kuwa karibu asilimia 10 ya ule wa jengo la kawaida la ukubwa huo. Mwenye jengo aliweza kutoza pango la chini kuliko jirani zake na bado akapata faida.

Eastgate limesifiwa sana kwa kuiga kichuguu cha mchwa, na Pearce mwenyewe alisema huko ndiko alikotoa wazo. Baadaye watafiti Scott Turner na Rupert Soar walivichunguza vichuguu kwa makini, wakaona kwamba havifanyi kazi kama alivyodhani. Kichuguu hasa ni mapafu ya kubadilishia hewa, wala si mashine ya kutuliza joto. Mchwa hawakumponza Pearce hata hivyo, kwa sababu jengo lake halikusimama juu ya mchwa. Limesimama juu ya vipimo vya hali ya hewa ya Harare, mji ulio karibu mita 1,500 juu ya bahari, ambako usiku huwa na baridi kuliko mchana kwa nyuzi 10 au zaidi. Baridi hiyo ya bure ndiyo inayowekwa akiba ndani ya zege.

Sasa chukua ramani za Eastgate uzilete Posta, katikati ya Dar es Salaam. Hazitafanya kazi, kwa kuwa usiku wa Februari hapa pwani huwa na nyuzi 25 hivi pamoja na unyevu mzito, na zege halipati muda wa kupoa. Mabomba 48 yangekuwa mapambo. Hapa ndipo mjadala wa majengo ya kijani unapopotea mara nyingi. Watu hunakili jengo, na kazi ilikuwa kunakili swali. Swali la pwani lina majibu yake: kivuli kizito, sakafu nyembamba ambayo upepo unaweza kuivuka, madirisha yanayofunguka pande zote mbili ili kaskazi ipite kuanzia Desemba na kusi ishike zamu yake baadaye, na feni za dari. Feni haipunguzi joto la chumba, lakini hewa inayotembea juu ya ngozi humfanya mtu aone joto limepungua kwa nyuzi mbili au tatu. Nyuzi hizo zinatosha kuhamisha kiyoyozi kutoka 22 hadi 25, au kukizima kabisa miezi ya Juni na Julai. Beit el-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883, ilizungushiwa veranda pana katika kila ghorofa, na ukuta wake wa ndani haukuonana na jua la mchana. Kiyoyozi kina mahali pake: ukumbi wa mikutano uliojaa watu, chumba cha mitambo ya kompyuta, maabara, chumba cha upasuaji. Kisitumike kusahihisha makosa ya ramani.

Nairobi nao wana swali lao, na ni jepesi kuliko la Dar es Salaam au la Mombasa. Mji ulio karibu mita 1,700 juu ya bahari hauhitaji kiyoyozi kwa kazi nyingi za ofisi. Jengo la Umoja wa Mataifa la Gigiri, linalotumiwa na mashirika ya mazingira na ya makazi, lilithibitisha hilo mwaka 2011 lilipofunguliwa kwa ajili ya wafanyakazi 1,200. Ni majengo manne yaliyounganishwa kwa madaraja ya ndani. Katikati ya kila jengo mna uwazi mpana unaopeleka mwanga hadi ghorofa ya chini na kuvuta hewa ya moto juu, na paneli za sola juu ya paa zilifungwa zikiwa na uwezo wa kilowati 515 hivi. Siri yake iko kwenye mahitaji: wapangaji walibanwa kwanza, wakapewa kompyuta ndogo zisizokula umeme mwingi na taa zinazojizima zenyewe, ndipo paneli zikahesabiwa. Ukianza na paneli juu ya jengo linalovuja joto, unanunua ndoo kubwa zaidi badala ya kuziba tundu. Chuo Kikuu cha Strathmore kiliweka kilowati 600 juu ya mapaa yake mwaka 2014, na maduka ya Garden City kwenye barabara ya Thika yakatumia paa la maegesho, kilowati 858, ili magari yakae kivulini na umeme upatikane hapohapo. Naona maegesho ya wazi kila ninapopita kwenye maduka makubwa ya kwetu, magari yakiungua na jua, na najiuliza nani anasubiri nini.

Viwango vyenyewe vilianzia mbali. Uingereza walitangulia mwaka 1990 na BREEAM. Baraza la Majengo ya Kijani la Marekani liliundwa mwaka 1993, likajaribu mfumo wake wa LEED mwaka 1998, na tangu 2000 mfumo huo umeenea hadi kwetu. Namna yake ni ya mtihani. Jengo hupewa alama kwa mahali lilipo, maji, nishati, vifaa na ubora wa hewa ya ndani, jumla ikiwa 110. Ukipata 40 umefaulu, 50 ni daraja la fedha, 60 dhahabu, 80 platinamu. Mfumo huo umefanya mema ambayo hayapaswi kudharauliwa. Umewalazimisha watengenezaji wa rangi na gundi kuzipunguza sumu zake, umewapa wamiliki na benki lugha moja ya kupimia, na umewafanya wasanifu, wahandisi na wakandarasi wakae meza moja mapema.

Lakini mtihani wa alama una udhaifu wa mitihani yote: mwanafunzi hujifunza kupata alama. Alama ya banda la baiskeli hupatikana kwa gharama ndogo, nayo hujumlishwa kwenye kapu moja na alama ya nishati iliyotafutwa kwa jasho. Na alama nyingi za nishati hutolewa kwa makadirio ya kompyuta, kabla mpangaji wa kwanza hajawasha taa. Mwaka 2008 ulitoka uchunguzi wa majengo 121 ya Marekani yenye cheti cha LEED. Kwa wastani yalitumia nishati pungufu kuliko majengo ya kawaida, ila lilipotazamwa jengo mojamoja, baadhi yalitumia nyingi kupita kiasi kilichotabiriwa. Mwanafizikia John Scofield wa Chuo cha Oberlin akazichambua upya takwimu hizohizo, akadai kwamba ukiyapa majengo makubwa uzito wake na ukihesabu nishati tangu kwenye mtambo wa kuzalisha umeme, akiba yenyewe haionekani. Wametetea wenye kutetea, na mabishano yanaendelea. Kwangu fundisho ni jepesi: mita haibishani na mtu.

Waaustralia walichukua njia ya mita. Mfumo wao wa NABERS unatoa nyota kwa kuangalia bili halisi za miezi 12, na sheria ya mwaka 2010 ikawataka wenye ofisi kubwa kutangaza nyota zao kila wanapouza au kupangisha. Mwanzoni sheria iligusa ofisi zinazozidi mita za mraba 2,000, na mwaka 2017 kiwango kikashushwa hadi 1,000. Mpangaji anasoma nyota kwenye tangazo kama anavyosoma kodi. Mwenye jengo la nyota mbili anaona wateja wakielekea kwa jirani mwenye nyota tano, na bila kuhubiriwa anaita fundi. Kati ya mifumo yote ninayoijua, huu ndio ningeuombea uje Afrika Mashariki haraka, kwa sababu haumuulizi mtu nia yake.

Kwa sasa mfumo unaoenea kwa kasi kwetu ni EDGE, wa Shirika la Fedha la Kimataifa lililo chini ya Benki ya Dunia. Unataka mambo matatu tu: upunguze angalau asilimia 20 ya nishati, asilimia 20 ya maji, na asilimia 20 ya nishati au hewa ukaa ya kutengeneza vifaa vya ujenzi, ukilinganisha na jengo la kawaida la hapohapo ulipo. Programu yake ni ya bure, na msanifu wa Arusha au Mwanza anaweza kuifungua akiwa bado anachora, akaona kitu gani kinatokea akipunguza vioo vya magharibi kwa nusu. Sifa yake kubwa ni hiyo. Upungufu wake ni kwamba asilimia 20 ni kizingiti cha chini mno kwa jengo ambalo kuelekezwa vizuri peke yake kungelifikisha karibu na hapo. Rwanda wamekwenda hatua nyingine. Mwaka 2019 waliweka kiwango cha chini cha majengo ya kijani ndani ya kanuni za ujenzi, kwa hiyo majengo makubwa mapya yanapimwa yanapoomba kibali. Cheti cha hiari humpata aliyekwisha kuamua. Kibali cha ujenzi humpata kila mtu.

Kikwazo kilichobaki kina majina mawili: mwenye jengo na mpangaji. Mwenye jengo ndiye anayelipia vivuli, vioo bora na feni, na mpangaji ndiye anayenunua umeme. Dar es Salaam kila mpangaji ana LUKU yake, mita ya umeme wa kulipia kabla, na mwenye jengo hajui wala hana haja ya kujua kwamba ghorofa ya saba upande wa magharibi inameza umeme kuliko ya saba upande wa mashariki. Akiletewa ramani mbili, huchagua ya bei nafuu kujenga. Hata hiyo bei huwa inasomwa vibaya. Mkadiriaji majenzi huandika vivuli vya zege kwenye mstari wake, shilingi kadhaa, na jicho la mwekezaji hukimbilia hapo kwanza akitafuta cha kukata. Kile ambacho hakiandikwi popote ni mtambo wa kupoozea ambao ungekuwa mdogo, transfoma ambayo ingekuwa ndogo, jenereta ambayo ingekuwa ndogo, na dizeli ambayo isingeungua kila umeme unapokatika. Akikata kivuli, amevirudisha vyote hivyo kwa ukubwa wake. Nimeona hesabu ya namna hiyo ikipitishwa na bodi kwa makofi.

Fedha inapoanza kuuliza, mambo hubadilika. Oktoba 2019 kampuni ya Acorn ya Kenya ilipata shilingi za Kenya bilioni 4.3 kwa hatifungani ya kijani, ya kwanza nchini humo, kwa riba ya asilimia 12.25, ili kujenga hosteli za wanafunzi jijini Nairobi zenye cheti cha EDGE. Hosteli ni biashara kamili, yenye wapangaji, pango na wakopeshaji wanaotaka fedha zao. Kilichonivutia ni kwamba mmiliki wa hosteli huwa ndiye anayelipa bili ya maji na umeme ya vyumba vyote. Kila lita iliyookolewa kwenye bafu inaingia mfukoni mwake. Hapo pengo kati ya anayejenga na anayelipa limezibwa na namna ya biashara yenyewe. Kwenye ofisi linaweza kuzibwa na mkataba: pango likapandishwa kidogo na mwenye jengo akabeba bili ya kupoozea, au bili ikaandikwa wazi na akiba igawanywe. Mawakili wetu wanaandika mikataba migumu kuliko hiyo kila siku.

Kuna jambo moja ambalo viwango vilivyotungwa ng'ambo huliona kwa mbali. Huko vilikotungwa, umeme kwa miaka mingi ulitoka kwenye makaa ya mawe na gesi, na dhambi kubwa ya jengo ilikuwa kuutumia. Kenya hupata takriban asilimia 90 ya umeme wake kwenye mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, na Tanzania sasa ina bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Katika nchi za namna hiyo, sehemu kubwa ya hewa ukaa ya jengo hutoka kabla halijafunguliwa, ndani ya saruji, nondo, alumini na vioo. Saruji hupikwa kwa kuchoma mawe ya chokaa kwenye joto la nyuzi 1,450 hivi. Makaa ya mawe au gesi inayochomwa ni sehemu tu ya tatizo, maana jiwe lenyewe likipasuka hutoa hewa ukaa, na hiyo ndiyo sehemu kubwa zaidi. Saruji ya dunia nzima hutoa karibu asilimia 7 ya hewa ukaa yote itokanayo na binadamu. Tuna majivu ya volkano Kenya na nyanda za juu kusini mwa Tanzania, ambayo yanaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya saruji iliyochomwa, na viwanda vyetu tayari huyachanganya. Msanifu anaweza kuyataja kwenye masharti ya zabuni leo.

Hesabu hiyohiyo inasema jengo lililokwisha simama ni mali. Moto wa usiku wa 10 Julai 2021 uliliunguza soko la Kariakoo vibaya, na uamuzi wa kulikarabati badala ya kulifuta ulikuwa sahihi kwa historia na sahihi kwa hewa. New York walilitengeneza upya jengo la Empire State la mwaka 1931 bila kuvitupa vioo vyake. Madirisha 6,514 yalifunguliwa, yakaongezwa utando wa kuzuia joto na kurudishwa, kazi yote ikifanyika ndani ya jengo lenyewe. Mpango mzima ulilenga kupunguza nishati kwa asilimia 38.

Na viyoyozi vilivyopo vina gesi ndani. Kilo moja ya R410A, inayojaa kwenye vifaa vingi vya ofisini, ikivuja hupasha dunia joto sawa na tani mbili na ushee za hewa ukaa. Fundi anayefungua koki na kuiachia ipulizike juu ya paa hajafundishwa vinginevyo, wala hakuna anayemlipa kuikusanya. Dunia ilikubaliana Kigali, Oktoba 2016, kuzipunguza gesi hizo hatua kwa hatua. Makubaliano hayo yatatimia au kuvunjika mikononi mwa mafundi hao, na mwenye jengo ndiye mwenye uwezo wa kuandika kwenye mkataba wa matengenezo kwamba gesi ikusanywe na kilo zake ziandikwe.

Ndugu msomaji, huenda hutajenga mnara wa ghorofa 20. Lakini huenda taasisi yako, kanisa lako, chama chako cha ushirika au kampuni yako inatafuta ofisi ya kupanga mwaka huu. Kabla ya kutia saini, omba kuona manunuzi ya LUKU na bili za maji za miezi 12 za mpangaji anayeondoka. Panda ghorofa ya juu saa kumi alasiri, simama upande wa magharibi, jaribu kufungua dirisha. Muulize mwenye jengo maji ya mvua ya paa yanakwenda wapi. Akisema jengo lina cheti, mpongeze, kisha uombe bili. Akikataa kuzionyesha, tafuta jengo lingine, na umwambie sababu.